Fungu Letu Baada ya Gharama

Fungeni hilo dirisha, wanangu, maana magari ya barabarani leo yana sauti kuliko mimi, kisha mkae mahali nitakapowaona nyote watatu bila kugeuza shingo. Dada, wewe usiondoke. Kaa hapo hapo miguuni pangu, kwa sababu nitakayoyasema yanamhusu mumeo, na sitaki kesho mtu aseme nilisubiri utoke ndipo nikafungua kinywa. Daktari alinishika mkono asubuhi akauachia haraka, nami nimeishi na watu vya kutosha kujua maana yake. Kwa hiyo sikilizeni, na anayetaka kulia alie baadaye, mimi sina pumzi ya kushindana na kilio.

Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba hii ni yenu watatu, msiigawe kwa ukuta. Tarumbeta ni ya kitinda mimba wangu, si kwa kuwa anajua kuipuliza, hajui, majirani ni mashahidi, ila ndiye pekee aliyekuwa akiifuta bila kuambiwa. Binti yangu, nyimbo zangu zote ni zako pamoja na haki zake, na mtu akikujia na mkataba na tabasamu, anza kwa kusoma mkataba. Nadaiwa na mwenye duka la pembeni bei ya sukari na betri za redio. Mlipeni kabla hamjanizika, asije akasimama makaburini anapiga hesabu badala ya kuniombea. Dawa ya deni ni kulipa, na neno hilo ndilo nililowaitia.

Maana kuna deni jingine, na hilo mimi ndiye ninayedai.

Mnaijua ile filamu ya nyimbo. Mmekua mkiisikia, na mpaka leo nikipita sokoni kuna mtu atanipigia mluzi wa ule wimbo wa mvua. Muziki wote wa filamu ile tuliupiga mimi na bendi yangu, na mtayarishaji wake alikuwa shemeji yangu, mume wa shangazi yenu huyu. Wakati huo hakuwa na hata baiskeli. Alikuwa na wazo, na viatu vinavyong'aa. Alitujia mazoezini, kwenye ghala la mbao tulilokuwa tukilikodi, akasimama mbele yetu watu kumi na mmoja akasema, "Jamani, pesa ya kuwalipa ujira sina, sitawadanganya. Lakini nitawapa kilicho bora kuliko ujira. Sehemu moja ya tano ya faida, iwe yenu." Tukampigia makofi, na mpiga gitaa wetu jioni ile ile akaenda kuchagua kochi dukani.

Faida, wanangu. Hapo ndipo palipooza. Filamu ina milango miwili ya pesa. Wa kwanza ni pale dirishani panapokatwa tiketi: mtu ametoa, nawe unachukua chako pale pale, moto moto. Wa pili uko nyuma kabisa, unafunguliwa baada ya mwenye filamu kurudisha kila anachodai ametumia, na ufunguo wake anao yeye mwenyewe mfukoni. Sisi tuliuchagua wa nyuma kwa sababu neno faida lilitujaa vizuri mdomoni. Mpiga ngoma wetu, tuliyemwita Kijiko kwa vile alijifunzia ngoma kwenye vijiko vya mama yake, ndiye pekee aliyeuliza, "Na hizo gharama atazihesabu nani?" Tukamcheka. Tukamwambia, huyu ni shemeji, si mtu baki. Kikulacho ki nguoni mwako, ila ukiwa na njaa ya makofi huhisi kinavyotambaa.

Nisiwe mnyimi wa haki, filamu ya nyimbo hula pesa. Katika filamu nyingine kijana akimpenda msichana anamwambia, wanakaa, imekwisha. Katika ya kwetu, ili aseme anampenda ilibidi waletwe wachezaji arobaini wenye viatu vya rangi moja, lori la maji la kumwaga mvua, na wapishi wa kuwalisha wote, kwani mchezaji mwenye njaa haruki. Hayo tuliyakubali. Tuliambiwa mpaka iishe itakula laki nne, na tukaona ni haki.

Kisha ikaja nyumba. Hadithi ilitaka nyumba ya tajiri, yenye ngazi pana ya kuteremkia wachezaji ishirini kwa pamoja katika ule wimbo wa harusi. Kwingine kote nyumba ya namna hiyo hujengwa kwa mbao nyembamba na rangi, uso tu, kazi ikiisha inabomolewa mbao zinauzwa. Shemeji akasema hapana, mbao zitatikisika watu wakicheza, na kamera itaona. Akajenga kwa mawe. Akaijenga kwenye kiwanja alichokinunua mwaka ule ule, akaiezeka, akavuta mabomba. Hatujawahi kusikia nyumba ya filamu yenye choo kinachofanya kazi, lakini tulikuwa tukikitumia kila siku, na tukikitumia tunashukuru. Ukuta mmoja tu wa sebule ndio uliachwa wazi ili kamera ipite, na mpaka leo mkiangalia mtaona mawe yake ni ya rangi nyingine.

Filamu ikatoka, watu wakaipokea kama mvua baada ya kiangazi. Foleni ilizunguka jengo la sinema ikarudi ikajikanyaga mkia. Mwaka mzima ilikaa kwenye ukumbi mkubwa, na wenye kumbi walituambia wenyewe kwamba mwaka ule wa kwanza imeingiza zaidi ya laki kumi na mbili. Basi tukavaa vizuri tukaenda kuchukua fungu letu. Alitukaribisha kwenye nyumba ile ile, maana alikwishahamia, akatumiminia chai chini ya ngazi ya wachezaji ishirini, akafungua daftari. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Ya kwetu ilipotea kwa daftari, na habari tukasomewa. Gharama, laki kumi na tatu. Nyumba imo humo, jiwe kwa jiwe. Mvua, iliyonyesha mara moja, imelipiwa mara tatu. Tulipokwenda tena mwaka uliofuata mapato yalikuwa yamepanda, na gharama nazo zimepanda, zikitangulia mbele daima, wala hatukuzikuta kamwe. Kijiko akauliza, "Filamu imekwisha, mbona nyumba haijabomolewa?" Shemeji akacheka kwa upole, akamshika bega, akamwambia, "Ndugu yangu, hayo ni mambo ya kihasibu."

Mwaka ule ule figo zikamwangusha Kijiko. Nilikwenda kwa miguu mpaka kwenye ile nyumba kuomba, si fungu, kuomba tu pesa ya kitanda na dawa. Shemeji alitokea juu ya ngazi na hakushuka. Aliniambia kutoka kule juu kwamba filamu bado haijarudisha gharama zake. Hospitali ile ilikuwa nyuma ya ukumbi wa sinema, na jioni ya mwisho ya Kijiko, nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake, tuliisikia ngoma yake mwenyewe ikija kupitia ukutani, na watu waliolipa kuisikia wakiishangilia. Alitabasamu yule mtu. Mimi sikutabasamu. Nilimchukia shemeji siku ile, na chuki hiyo sijaiacha hata siku moja, nimeila na kulala nayo, na leo naisema mbele yenu bila haya.

Sasa sikilizeni nilivyofanya. Mjanja huyo aliandika kila kitu katika mkataba kuwa chake isipokuwa nyimbo. "Nyimbo kaeni nazo," alisema, "nani atanunua wimbo bila picha?" Miaka ikapita, wenye kiwanda cha sabuni wakautaka wimbo wa mvua kwa tangazo lao, wakaulipia vizuri mwaka hata mwaka. Wenzangu niliwapa kila mmoja chake. Changu sikukigusa. Mlinung'unika mkivaa viatu vya kubandikwa viraka na baba yenu anasikika kila redio, nami nikawaacha mnung'unike. Wakati huo shemeji naye ametengeneza filamu ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, na watu hawakwenda. Kumbi zilibaki na mlinzi na paka. Akaiweka nyumba rehani kwa mkopeshaji, akashindwa kulipa, mkopeshaji akachoka, akatafuta wa kulinunua lile deni. Akapatikana. Mwanasheria wangu alilinunua kwa jina la kampuni ambayo nyote hamjaisikia, na tangu hapo shemeji amekuwa akipeleka vijisenti vya riba kwa mwanasheria huyo, bila kujua tajiri aliye nyuma yake ni nani. Tajiri wake ni mimi.

Dada, kaa. Sijamaliza.

Sasa miezi mingi hajaleta kitu, na muda aliopewa unakwisha mwisho wa mwezi huu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nikiwa hai au nikiwa nimelala, mwanasheria atapeleka barua ya kuitwaa ile nyumba iuzwe, nanyi mtasimama pale mlangoni, nyote watatu, mmevaa vizuri kama sisi tulivyovaa siku ile. Mtu wa kununua yupo. Pesa zote za deni mtazigawa kwa nyumba za wanabendi, walio hai na watoto wa waliokufa, mkianza na mjane wa Kijiko. Sheria inasema kitakachobaki baada ya deni kulipwa ni chake shemeji, nami siwafundishi kuvunja sheria. Mpeni. Mpeni baada ya gharama. Andikeni nauli zenu za kwenda na kurudi, andikeni chai ya mwanasheria, andikeni rangi ya kupaka ule ukuta wa mawe tofauti. Siku mkimaliza kuhesabu ikiwa imenyesha, andikeni na mvua. Akiuliza, mshikeni bega kwa upole mumwambie ni mambo ya kihasibu. Hapo umecheka, binti yangu, nimekuona. Ndiyo maana kazi hii nakukabidhi wewe.

Na wewe kifungua mimba wangu unaangalia sakafu. Sema. "Baba, na shangazi?" Eh. Nilijua utauliza wewe. Mama yenu alipofariki ni huyu aliyekufunga vifungo vya shati asubuhi, wewe na wenzako, na akija hapa alikuja na chakula, akikikuta kipo anakiacha hivyo hivyo. Tangu nimelala ndiye anayenigeuza. Mnadhani sijui? Nimelifikiria hilo kabla yako, na zaidi yako. Dada, chumba hiki kitakuwa wazi karibuni, si siri tena. Kitanda ni kizuri, jua la asubuhi linaingia, choo kiko karibu na magoti yako. Ni chako mpaka Mungu akuite, nimekwisha kuandikisha, na wanangu hawa watakutunza kama mama yao. Ila ni chako peke yako. Mumeo asivuke kizingiti hiki.

Anasemaje? Semeni kwa sauti, sikio la upande huo limekwisha tangulia.

Anasema atakaa atakapokaa mumewe.

Dada. Dada, huyo mtu ana miaka themanini, hana shilingi, hana rafiki, mtapanga chumba gani na kwa pesa ya nani? Uliwahi kuzisikia hesabu zile zikisomwa ukanyamaza, nami nikakusamehe, nikasema ni mke wa mtu, akasemee wapi. Nimekupangia mahali. Miaka yote hii nimepanga tarehe, wakili, mnunuzi, nimepanga mpaka maneno ya barua, na katika yote nilikuwa nakutoa wewe mle ndani kwanza. Nakupenda, mjinga wewe.

Amesimama. Mnamwona? Anachukua mtandio wake. Mwacheni, msimzuie, ana haki ya kwenda kumwambia mumewe. Na asidhani nitamwita nibadilishe neno. Sibadilishi. Kijiko hakubadilishiwa. Binti yangu, mwisho wa mwezi, kama nilivyosema, hata shangazi yako akiwa amekaa kwenye ngazi na kifurushi chake. Utatekeleza? Niambie utatekeleza. Vizuri.

Wewe mkubwa, mfuate. Usinitazame hivyo, mfuate, barabara ile haivuki peke yake, macho yake hayaoni magari. Mshike mkono. Nenda, baba, mimi nipo.

Pumzi... ngoja. Nilitaka kuwaombea mkiwa nyote. Basi Mungu awape kazi ya mikono yenu na malipo yake mkiwa na meno ya kutafuna. Awape watoto watakaowauliza maswali. Msigombane. Msiseme uongo juu yangu msibani, kwamba nilisamehe, sikusamehe. Kaburi liwe la kawaida. Muziki upigwe, lakini usiwe ule wa... wowote mwingine.

Amekwisha vuka? Hamwoni kutoka hapo, eh. Mlango sikuusikia ukifungwa.

Macho yamekuwa mazito. Haya. Nani amebaki?