Dismas Assenga, Diwani wa Kaunti Iliyovunjwa

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Beatus, mdogo wa marehemu, nimetoka Kilema, Moshi, nikiwa nimetumwa na ukoo kuja kumchukua kaka yangu, na badala yake nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, nanyi mnivumilie, maana nimechoka.

Marehemu Dismas Assenga alizaliwa Kilema tarehe 12 Machi 1952, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha Shule ya Ufundi Moshi, na Septemba 1974 akaenda Wales kusomea uhandisi wa chuma, katika kaunti ya Gwent, iliyoundwa mwaka huo huo kwenye mabonde ya makaa ya mawe. Alisema atarudi baada ya miaka mitatu, na mama akaamini.

Aliajiriwa kiwandani huko huko, na tarehe 18 Agosti 1979, mjini Newport, akafunga ndoa na shemeji yangu Philomena, muuguzi, wakajaliwa Abigael na Gareth. Migodi ilipofungwa mmoja baada ya mwingine, alizunguka nyumba kwa nyumba akiwatetea wachimbaji, nao wakamchagua diwani wa kaunti Mei 1989, akahangaikia barabara na mabasi ya shule, kazi aliyoipenda kuliko ile iliyomlisha. Kaunti ikavunjwa Machi 1996, kiwanda nacho kikafungwa 2002, na mwaka uliofuata akamfuata mkewe, aliyetangulia kuja kwa kazi ya uuguzi, hapa Etobicoke, ng'ambo nyingine ya bahari, akaanza upya akiwa mtu mzima, katika karakana ya milango, mpaka mapafu yalipomshinda mwaka 2013. Alifariki nyumbani kwake tarehe 9 Novemba 2016, Philomena akiwa amemshika mkono.

Kilema hawakungoja, siku ile ile walichimba kaburi kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, kando ya baba, na kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Tulibishana kwa simu mpaka sauti zikakauka, wazee wakidai mwili, na Abigael, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akisema baba amehama vya kutosha, naye anataka mahali pa kumtembelea Jumapili. Nilikuja kumpinga, nikaishia kukubali azikwe hapa. Kesho wazee watazika mgomba mahali pake, kama ifanywavyo kwa asiyerudi, na jambo hilo linaniuma, sitaficha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa ghorofa yake waliopika bila kuombwa, na wenzake wa karakana walioacha zamu wakaja.

Kaka, tumekuita miaka arobaini na miwili, nami sikuiti tena. Pumzika hapa, kwa amani.