Zablon Mirumbe, Aliyeomba Maji

Familia ya Mzee Zablon Mirumbe inawashukuru kwa kufika Ntimaru leo, Jumamosi tarehe 12 Desemba 1998, hasa ninyi mliopita kando ya uwanja wa sherehe za Jamhuri bila kuingia.

Marehemu alizaliwa mwaka 1934 karibu na Sirari, upande ambao leo ni Tanzania. Mama yake alimleta Ntimaru kwa miguu akiwa na miaka sita, na hakuna aliyewauliza cheti. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akaacha ili achunge ng'ombe wa mjomba wake.

Baadaye akawa fundi wa mabanda ya kukaushia tumbaku. Mengi mnayoyaona kutoka hapa hadi barabarani aliyajenga yeye. Mwaka 1957 alimwoa Edith, wakajaliwa Truphena na Nicodemus.

Lakini wengi mlimjua kwa mchezo wa Jamhuri. Tangu 1964 aliigiza babu yetu wa kwanza, anayefika amechoka na kusema, "Nimetoka mbali, naomba maji." Rafiki yake Stanley, aliyeigiza mwenyeji, alimpa kibuyu na kumjibu, "Keti, hapa ni kwako." Mwaka mmoja marehemu alimaliza maji yote, akarudisha kibuyu: "Ongeza bwana, safari ilikuwa ndefu." Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Ndivyo tulivyofundishwa kuwa Wakenya: sote tulifika, tukapokewa.

Kisha watu wengi wakaanza kuvuka mpaka kutafuta kibarua kwenye tumbaku, na neno "mgeni" likageuka tusi. Mwaka 1993 kamati ya sherehe ikabadilisha mchezo. Babu hakutoka tena popote. Alikutwa ameketi tu, na babu huyo sasa alikuwa Stanley. Marehemu akapewa nafasi ya mgeni anayefukuzwa kwa fimbo.

"Hii ni mchezo tu, Zablon, usikasirike," Stanley alimwambia siku ya mazoezi. "Lakini hata wewe si ulitoka upande ile?"

"Na wewe ulimea hapa kama uyoga?"

Hakukanyaga uwanja ule tena. Tunasema wazi kwamba alisalitiwa, tena na watu aliowajengea, na iliwauma sana yeye na mama yetu Edith.

Ugonjwa wa sukari ulimshika mwaka 1996. Alipozidiwa, mzee mmoja wa kamati alipita nyumbani kuuliza atarudishwa lini kwao, ng'ambo ya mpaka. Marehemu alimshika mkewe mkono akasema, "Msinivushe." Alipelekwa hospitalini Homa Bay, alikoolewa Truphena, akafariki huko tarehe 3 Desemba. Kaburi lake liko hapa, nyuma ya banda lake la kwanza.

Ameacha mjane, Edith. Watoto, Truphena na Nicodemus. Na wajukuu saba. Tulimwomba Mzee Stanley aje leo amjibu mara ya mwisho. Alituma salamu kwamba atakuwa uwanjani, kwenye mchezo. Basi tutamjibu sisi, na mama ndiye atakayeshika kibuyu.

Keti, baba, upumzike. Hapa ni kwako.