Fundi Spana, Aliyejisomea Kijapani Katika Katuni

Marehemu baba yetu, mliyemzoea kwa jina la Fundi Spana, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mkunga. Alihitimu ufundi mitambo mwaka 1976, na Januari iliyofuata akaajiriwa katika kiwanda cha nguo, alikodumu hadi kustaafu mwaka 2017.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji wa kiwandani hapo, mwanamke asiyedanganyika kirahisi.

Mwaka 1994 zililetwa mashine za kufuma kutoka Japani. Vipuri vilifungwa kwa kurasa za vitabu vya katuni, zenye herufi ndogo za matamshi pembeni ya zile ngumu. Marehemu alizinyoosha, akanunua kamusi, akajifunza kimyakimya, kwani aliogopa kuchekwa. Mama akaona mambo: droo ina kufuli, mume ananong'ona bafuni kwa sauti laini. Dalili ya mvua ni mawingu. Akavunja kufuli, akakuta picha za msichana mwenye macho makubwa.

"Huyu nani?"

"Mcheza mpira wa wavu, mke wangu. Yumo kitabuni tu."

"Mimi nimezaliwa jana?"

Akafungasha, akaenda kwa dada yake. Wiki ya tatu alimvizia mumewe kiwandani ili amfumanie. Kupitia dirisha la karakana akaisikia ile sauti laini. Marehemu alikuwa akizungumza na mhandisi mzee wa Kijapani aliyeletwa kutengeneza mashine zilizoharibika, naye mzee ameketi sakafuni, hana mbavu kwa kicheko. Katuni zile zilikuwa za wasichana, basi fundi wetu aliongea kama binti wa shule! Hata hivyo walielewana. Mashine zilizolala miezi miwili ziliamka, na watu sitini waliosimamishwa wakarudi kazini.

Jioni ile mama alirudi. "Nimerudi," alisema, "ila droo ibaki wazi."

Novemba 2022 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Mama alimuuguza mwenyewe. Siku moja hospitalini, akimbadilishia shuka, alimsikia akitamka neno.

"Unamwambia nani?"

"Wewe. Otsukaresama. Maana yake, pole na kazi."

Mama hakuwahi kuridhika na maneno matupu. Alipofika nyumbani alifungua kamusi. Ilikuwa kweli. Kesho yake alimrudishia neno lile lile, akiwa amemshika mkono.

Baba alifariki tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi. Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba na dada mmoja.

Lala kwa amani, Baba yetu.