Randa Iliyogoma Bandani kwa Esker

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya posta ambayo serikali iliifunga kwa muda, na muda huo umeshafubaza hata tangazo lenyewe. Ng'ambo ya barabara ni banda la Esker Combs. Siku ile Esker alikuwa amelazwa sebuleni kwake, marehemu, na bonde zima halikuwa na umeme tangu barafu iangushe nguzo. Ukipiga simu kampuni ya umeme, mashine ilikushukuru kwa uvumilivu, hata kama hukuwa nao. Bandani, Farris seremala alikuwa akitengeneza jeneza kwa mbao za mjozi ambazo Esker, kama wanaume wengi wa milima hii ya Kentucky, aliziweka darini miaka mingi zikisubiri siku yake. Na desturi yetu ni kwamba jeneza likitengenezwa, majirani hukaa karibu mpaka kifuniko kifungwe, na kahawa isiwaishie moto. Tulikuwa tumekaa, na kahawa ilikuwa ya moto.

Shida ilikuwa randa. Ni mashine kubwa, nayo ilikula umeme wa pikapu ya Farris, ya aina inayotoa umeme kama jenereta, iliyoegeshwa mlangoni mwa banda. Ililainisha ubao nusu, ikazima. Farris akatoka, akabonyeza kitu kwenye dashibodi, akarudi ndani. Baada ya kitambo, ikazima tena. Jioni mwenye kampuni ya mazishi angekuja kutoka mjini, na kama jeneza lisingekuwa tayari, angemlaza Esker katika lake la bati lenye maua ya kubandika. Orpha, mjane, alikuwa amesema hilo halitapita mlangoni kwake.

Asubuhi Farris alikuwa ametueleza. Gari lile hutoa umeme kwa njia mbili. Taa au msumeno mdogo hutumia njia moja. Randa hutumia zote mbili kwa pamoja.

— Ni kama watu wawili wamebeba jeneza, alisema. Ukimwongezea mmoja mzigo begani, hata yule mwingine lazima atue.

Tuliitikia kwa vichwa kama watu walioelewa.

Posta, kama tulivyomwita mzee aliyesambaza barua bondeni humu mpaka akastaafu, alikuwa wa kwanza kutoa hukumu. Alisema magari ya siku hizi yana kompyuta inayoripoti kiwandani. Kiwanda kimeona gari halitembei, kimekata.

— Kwani kiwanda kinajua tuna msiba? nikamuuliza.

— Ndiyo maana kinawasha tena, Posta akajibu. Kinatuonea huruma, halafu kinasahau.

Jaji akakohoa. Huyu aliwahi kukaa mahakamani kama mzee wa baraza katika kesi ya kuku walioibwa, na tangu hapo hazungumzi ila anatoa uamuzi. Kwa maoni yake, kaunti ina kifungu kinachokataza mtu kuzalisha umeme bila kibali, na ofisa wa vibali likizo yake haijaisha.

— Sasa nani anakata, kama ofisa yuko likizo? Posta akauliza.

— Kifungu chenyewe, alisema Jaji.

Kule bandani randa ikanguruma, ikazima. Safari hii Farris alikawia kutoka. Alipotoka alikuwa na vumbi jeusi usoni, na hakututazama. Jua lilikuwa limeshaanza kugusa kilima.

Posta akateremsha sauti.

— Mnakumbuka Esker alivyokataa kuvutiwa umeme nyumbani? Alikuwa wa mwisho bonde zima. Labda hataki mbao zake ziguswe na mashine.

Jaji alivua kofia. Nami, nakiri, nililitazama dirisha la sebule.

Ndipo Orpha akavuka barabara, shali begani, amebeba jagi tupu kwa ajili ya wanaokesha na maiti. Akalikinga chini ya bomba la birika kubwa la kahawa la kanisa lililokuwa mwisho wa benchi, likichemka polepole. Akasita.

— Umeme hakuna bonde zima. Hili birika mnalichemshia wapi?

Posta alimtazama Jaji. Jaji alizitazama buti zake. Orpha alifuata waya kwa macho: chini ya benchi, kuvuka barabara juu ya barafu, mpaka nyuma ya pikapu, chini ya turubai, mahali Jaji alipouchomeka asubuhi Farris alipokwisha kuingia bandani.

— Miaka yote hiyo, Orpha alisema taratibu, Esker alirudi nyumbani akakuta kahawa yake imepoa, kwa sababu mlimkalisha hapa. Leo nyinyi mtakunywa ya baridi.

Jaji alivuka barabara mwenyewe, akachomoa.

Randa ikanguruma, na safari hii haikuzima. Harufu ya mjozi ikatufikia pale tulipokuwa. Kahawa ikapoa vikombeni, tukainywa hivyo hivyo, na hakuna aliyeinuka mpaka tuliposikia Farris akipigilia kifuniko.