Loveness Kristofa, Aliyepasuliwa Bila Kukatwa Bitana

Loveness alizaliwa hapa Mtae tarehe 14 Juni 1990, mtoto wa pili wa Mzee Kristofa na Mama Dorkasi. Alisoma shule ya msingi hapahapa, kisha sekondari Lushoto, akamaliza kidato cha nne mwaka 2008. Hesabu zilimshinda, sindano haikumshinda.

Alijifunza ushonaji mjini Lushoto, akarudi na cherehani mwaka 2011. Kaka yake Hezekia, anayesoma wasifu huu, aliwahi kumsumbua amalizie koti la sikukuu. Akalipata kwa wakati, mifuko yote imeshonwa midomo. "Ndiyo haraka yako hiyo, kaka," alisema, akacheka mpaka akakaa chini.

Alifunga ndoa na Nathanaeli Clemence tarehe 20 Desemba 2014. Mungu akawajalia Alen, Sesilia, na huyu wa tatu ambaye bado hana jina.

Alhamisi, 10 Aprili 2025, akiwa na mimba ya huyu wa tatu, chupa ya uzazi ilipasuka. Gari la alfajiri la kwenda mjini lilikuwa bado halijaondoka, lakini Loveness alisema hawezi kutoka bila kumwamkia na kumuaga mama mkwe wake, Bibi Secilia, ng'ambo ya kilima. Aliporudi, gari limeshakwenda. Kesho yake mvua ikafunga barabara. Yeye na mumewe walifika hospitali Jumamosi, homa imempanda na mtoto hajashuka.

Daktari Stephano aliwaeleza kwamba mji wa mimba umeshapata maambukizi. Kama angepasua kwa njia ya kawaida, uchafu ungeweza kumwagika tumboni. Alitaka kusogeza kibofu pembeni na kumfikia mtoto bila kufungua utando wa tumbo, ili utumbo usiguswe. Hakuficha hatari: nafasi ni finyu, kazi inachukua muda, na kibofu kinaweza kuchanika. Nathanaeli hakuelewa kitu. Loveness, na homa yake, ndiye aliyemfafanulia.

"Baba Alen, anataka kuingia bila kukata bitana, kama ile ya ndani ya koti. Ni kazi ya taratibu. Tusaini."

Wakasaini wote wawili.

Mtoto wa kiume alitoka akilia. Kibofu kilichanika, kikashonwa palepale, na mama akalazwa na mpira wa mkojo. Siku ya tatu homa ilishuka, na tumbo halikuingia usaha. Siku ya tisa, Jumatatu ya Pasaka, akiwa ananyonyesha, alisema pumzi inamkata. Hakuchukua muda, akafariki. Daktari alisema donge la damu lilikwenda kwenye mapafu, jambo linaloweza kufuata upasuaji wowote ule, hasa mgonjwa akilala kitandani muda mrefu.

Sasa tuandike nini? Kibofu kilichomlaza kitandani, au gari la alfajiri? Wasifu huu umeandikwa mara tatu. Bibi Secilia alitaka iandikwe kwamba alichelewa kwa kumheshimu yeye. Nathanaeli alitaka iandikwe kwamba yeye ndiye aliyesaini. Hezekia amekataa yote mawili, wala hana la kuweka badala yake. Tumechanganyikiwa, na tunasema hivyo bila aibu.

Jana Nathanaeli alimpigia daktari simu, akamuuliza: angepasuliwa kwa njia ya kawaida, angepona?

"Sijui, ndugu yangu," daktari akasema. "Nikikwambia najua, nitakuwa nakudanganya."

Nathanaeli alimshukuru. Alituambia hilo ndilo neno la kwanza la daktari alilolielewa.

Loveness ameacha mume, wazazi, kaka, mama mkwe na watoto watatu. Mdogo ana siku kumi na mbili. Asubuhi hii amekunywa maziwa, akashiba, akalala.

Pumzika kwa amani, mdogo wetu. Kuuliza tuachie sisi.