Muuguzi Pyo Jeong-im na Spika ya Bibi Bong-nyeo

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika kituo chetu cha afya hapa Namgok, Muuguzi Pyo Jeong-im anastaafu tarehe 30 Juni. Alianza kwa pikipiki ya kuazima, akipanda hadi vijiji vya mlimani kupima presha za wazee. Kila msimu wa kutengeneza kimchi, ile kabichi ya kuchachusha, meza yake ilijaa mitungi ya zawadi. Yetu ilibaki na mafaili. Tulimwonea wivu, na yeye alijua.

Zamu yake ya kuona wivu ilifika pale wilaya ilipowagawia wazee spika zenye akili mnemba. Spika ilisoma presha kutoka kwenye mkanda wa mkononi, ikakumbusha dawa, ikauliza hali. Vijiji viligawanyika. Mzee Maeng aliifunika yake kwa ndoo. "Sitaki kitu kinachonisikiliza nikikoroma," alisema. Bibi Bong-nyeo, mjane wa kule juu, aliivalisha yake kofia ya sufu.

Siku moja Jeong-im alifika kwake, akamkuta akiongea na spika, akaambiwa angoje. "Kaa kwanza, binti. Bado tunaongea."

Alirudi ofisini amenuna. Kisha ripoti ya spika ikaja: Bibi alikuwa ameiambia kwamba ameacha vidonge tangu vuli kwa sababu vinamtia kizunguzungu. Jeong-im alikuwa akiona presha inapanda, akimuuliza kila mwezi, na kila mwezi alijibiwa kwamba vinamezwa bila kukosa.

"Mkono wake nimeushika miaka yote hii," alituambia, "halafu siri anaipa spika."

Alipanda mlima siku hiyo hiyo. "Kwa nini hukuniambia, Bibi?"

"Ungekasirika."

"Na hiyo je?"

"Hiyo ikikasirika nachomoa waya. Wewe ukikasirika, silali."

Jeong-im alitoa mashine yake ya presha. Alimpima: presha ilikuwa juu mno. Akamteremsha hadi kwa daktari, dawa ikabadilishwa, na kizunguzungu kikaisha. Tangu hapo aliacha kuwakaripia wagonjwa, ingawa tulimwona akiuma midomo.

Mwaka jana wilaya iliitisha mkutano kuuliza kama spika ziendelee. Mzee Maeng alitaka zirudishwe zilikotoka. Wengine walisema bila hizo nyumba zitakuwa kimya mno. Tulidhani Jeong-im atamuunga mkono Maeng. Alisimama, akasema, "Mimi siipendi. Inaambiwa mambo ambayo mimi nafichwa. Ndiyo maana nataka ibaki." Akaketi, uso umemwiva.

Hakupona wivu. Hata wiki iliyopita, akimkabidhi Muuguzi Do Ah-reum vijiji vyake, alimwonyesha njia zote za mlimani isipokuwa ya kwa Bibi Bong-nyeo. Alisema hiyo atamwonyesha baadaye.

Bibi mwenyewe alishuka kwa basi la asubuhi kumuaga. Jeong-im akamwambia, bila kumtazama, "Nenda nyumbani, Bibi. Spika yako inakusubiri."

"Ile inajua kila kitu," Bibi alisema, akimshika mkono. "Ila tangu mume wangu afe, ni wewe tu uliyewahi kuona wivu kwa ajili yangu."

Muuguzi Pyo, asante kwa milima yote uliyoipanda. Nenda ukapumzike, presha yako ishuke, na uzeeni usikose mtu wa kuona wivu kwa ajili yako.