Mashimo Thelathini na Mawili ya Mama Sidonie

Mama Sidonie Birindwa, kine, yaani mtaalamu wa viungo, wa Kituo chetu cha Afya Jirani Mwema, anastaafu Jumanne hii, tarehe 31 Machi 2026, akiwa amebakiza siku tatu kutimiza miaka thelathini na mmoja ya kazi. Aliingia kwa mlango wa mbele tarehe 3 Aprili 1995, na tangu siku hiyo amewasaidia maelfu ya watu wa Goma kusimama tena kwa miguu yao.

Alizaliwa upande wa Bukavu, akasomea huko kazi ya kunyoosha viungo na kurudisha nguvu za mwili, akaletwa Goma kwa mkataba wa miezi sita. Miezi hiyo sita, kama mnavyoona, imechukua muda kidogo.

Wakongwe wa kituo bado wanasimulia habari ya mwaka 2002, lava ya volkano iliposhuka hadi mtaa wa Birere na kulimeza jengo letu la kwanza. Kila mtu alikimbia na alichokipenda. Mama Sidonie alikimbia na magongo mawili ya wagonjwa, kwa sababu kituo hakikuwa na mengine. Njiani kuelekea mpaka wa Rwanda alichoka kuyabeba, akaanza kuyatembelea, na watu wakampisha kwa huruma. Anasema hajawahi kufika Gisenyi haraka namna ile. Magongo hayo yapo hadi leo, nyuma ya mlango wa chumba chake.

Lakini kazi ambayo jina lake litabaki nayo ni ile ya Jumanne asubuhi.

Mwaka 2014 alianza kuwauliza wazee waliovunjika nyonga swali moja: ulipoanguka, ulikuwa unafanya nini? Aliyaandika majibu yao katika daftari la shule lenye jalada la bluu. Mmoja alikuwa anatembea huku akijibu simu. Mwingine alikuwa anashuka ngazi huku akitafuta jina la mtu aliyemsalimu. Kati ya wazee arobaini na mmoja, thelathini na watatu walianguka wakiwa wanatembea na kuwaza kitu kingine wakati uleule. Miguu ya wengi wao ilikuwa na nguvu ya kutosha, na akili zao zilikuwa safi. Ila viwili hivyo havikuwa na mazoea ya kufanya kazi pamoja.

Akaenda kwa mkurugenzi wetu, Docteur Nzabonimpa, akaomba asubuhi mbili kwa juma kwa ajili ya wazee wazima. Docteur alishangaa.

"Mama Sidonie, watu hawa si wagonjwa. Watatafuta nini hapa?"

"Ndiyo maana ninawataka sasa, Docteur. Wakisha kuvunjika nitawapata tu."

Alipewa ruhusa, na mwanzoni alikosea. Aliweka mazoezi ya mwili Jumanne, na mazoezi ya akili Alhamisi, kwa vibao na chaki. Wamama walikuja Jumanne, wakaikimbia Alhamisi kwa sababu chaki iliwakumbusha fimbo ya mwalimu. Wapapa walikuja Alhamisi, kwa kuwa kulikuwa na viti, na Muzee Habiyaremye, mwashi wa zamani, akatangaza kwamba kurukaruka ni kazi ya askari. Baada ya miezi miwili wapapa waliviacha vibao na kuleta igisoro, ule mchezo wa mashimo na mbegu ambao wengine huuita bao. Mtu mwingine angeukataza. Mama Sidonie alivuta kiti, akatazama jinsi wazee wale walivyohesabu mbegu kwa macho tu, akamuuliza Muzee Habiyaremye ingechukua siku ngapi kuchonga igisoro nyingine nyuma ya jengo, juu ya lava iliyoganda, na kila shimo liwe mbali na jingine hatua moja.

"Mama, unataka tucheze na miguu?"

Ndivyo alivyotaka, na siku zote mbili ziwe Jumanne moja. Muzee alichonga kwa nyundo na tindo siku tisa, mashimo thelathini na mawili, na mawe sitini na manne yakachukua nafasi ya mbegu. Mashimo ya upande mmoja yalipewa majina ya barabara ya Rutshuru, kutoka Birere kupitia Kanyaruchinya hadi Rumangabo na kuendelea. Ya upande wa pili, majina ya barabara ya Sake, Mushaki na Masisi. Mchezaji anainama, anayaokota mawe ya shimo moja, anatembea akiangusha moja moja katika kila shimo la mbele. Kabla ya kuinua mguu lazima ataje kwa sauti mahali jiwe lake la mwisho litakapoangukia. Akikosea, zamu imepotea. Na anapotembea, wapinzani wana haki ya kumuuliza swali lolote, naye lazima ajibu bila kusimama.

Hakuna aliyeipenda haki hiyo kuliko mama yangu, Mukamugema. Wengi wenu mnamkumbuka, maana sauti yake ilifika hadi kwangu mapokezi. "Habiyaremye, taja bajukuu bako, anzia kwa mudogo! Ee, umesahau mutoto wa Rose? Nitamwambia!" Nyumbani alijizoeza kwa viazi, kutoka kitandani hadi jikoni, na mara nyingi tulichelewa kupika kwa sababu viazi vilikuwa bado mchezoni. Jiwe aliloingia nalo kundini lilikuwa jeupe, la mtoni, alilolitoa Rutshuru; mengine yote ni meusi, ya lava. Alicheza hadi juma lake la mwisho, Agosti iliyopita, na moyo wake ndio uliosimama, si miguu. Baada ya mazishi nilikwenda kulichukua jiwe lile. Wazee walikuwa katikati ya mchezo, na mchezo hauendi na mawe sitini na matatu. Mama Sidonie aliliweka mkononi mwangu. Muzee Habiyaremye akasema, "Chukua, mutoto wangu, tutatafuta ingine." Nililiweka juma moja juu ya kabati. Halikuwa na kazi pale. Jumanne iliyofuata nililirudisha.

Mama Sidonie hajawahi kuahidi makubwa. Kila miezi sita alimpima kila mzee: kuinuka kwenye kiti, kwenda hatua kumi na kurudi, kisha kufanya hivyohivyo huku akitaja miezi ya mwaka kinyumenyume. Mwanzoni wengi walisimama kabisa walipofika Agosti. Baadaye walipita Agosti wakitembea. Katika mwaka wa kwanza wazee watano kati ya ishirini na wanne walianguka. Mwaka jana, kati ya thelathini na mmoja, alianguka mmoja tu, naye alisukumwa na mbuzi. Hata hivyo daftari lake linasema: "Mimi sizuii uzee. Ninawafundisha miguu na kichwa kusikilizana."

Novemba iliyopita ikaja habari ngumu. Jean-de-Dieu, kine kijana atakayemrithi, ni hodari, lakini wagonjwa ni wengi na hatakuwa na saa ya kuongoza wazee wazima. Uongozi ukaamua kwamba ikiwa kundi haliwezi kujisimamia kabla ya Machi kwisha, Jumanne itafutwa, na sehemu ile ya lava itajengwa tangi la maji.

Mama Sidonie hakubishana. Tarehe 6 Januari alikaa kwenye benchi, akafunga mdomo, akawaacha wafanye wenyewe. Siku ile ilikuwa aibu. Waligombania nani aanze, pande zote mbili zikadai zimeibiwa mawe, na Muzee Habiyaremye akaondoka kwa hasira akisema yeye ndiye aliyeichonga lava ile. Nilimtazama Mama Sidonie kupitia dirishani. Alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili.

Muzee alirudi Jumanne ya tatu, akiwa ametulia, na sheria mpya: aliyeshindwa juma lililopita ndiye kiongozi wa juma hili. Yeye ataongoza mazoezi ya kuinuka na kuketi, yeye atapanga zamu. Kwa sababu kila mtu hushindwa siku moja, kila mtu atafikiwa na zamu ya kuongoza. Kufikia Februari hata Mama Baharanyi, mwenye miaka sabini na minane, ambaye zamani aliogopa kusema mbele ya watu, alikuwa anaita majina yote thelathini na moja ya wazee bila karatasi.

Jumanne tarehe 17 Machi Docteur Nzabonimpa alikuja kuamua. Mama Baharanyi aliokota mawe tisa, akatangaza, "Naishia Mushaki," akaanza kutembea. Muzee Habiyaremye akamrukia.

"Mama, juzi ulikula nini? Na jana? Na leo?"

"Juzi bugali na samaki sambaza, jana sambaza na bugali, leo niache nishinde kwanza!"

Jiwe la tisa likaangukia Mushaki. Kisha wakamwomba Docteur ajaribu. Alivua koti lake jeupe, akaokota mawe saba, akatangaza Rumangabo. Mama Baharanyi akamngoja afike hatua ya pili, akauliza kwa upole, "Docteur, taja bashemeji bako bote, anzia kwa mukubwa." Alipofika shemeji wa tatu, mkurugenzi wetu alisimama na mguu mmoja hewani, akaangusha mawe mawili katika shimo moja.

"Docteur, weye ndio mugonjwa," akasema Muzee Habiyaremye. "Ingia ndani bakupime!"

Docteur alicheka hadi akashika ukuta. Tangi litajengwa upande wa lango, na Jumanne inabaki. Mama Sidonie, ambaye hakuwa amesema neno kwenye benchi lile tangu Januari, alisema moja tu: "Aksanti."

Tunamshukuru kwa magongo, kwa daftari la bluu, kwa kila mgonjwa aliyeingia amebebwa na kutoka akitembea, na kwa wazee ambao hawakulazimika kubebwa kamwe. Jean-de-Dieu anasema ameachiwa chumba safi kuliko alichostahili.

Mwezi huu Mama Sidonie ametimiza miaka sitini na mitano, umri wa kuingia kundini. Kila anayeingia huja na jiwe lake, na moja lililopasuka hutolewa. La kwake ni la kijivu, la ufukweni mwa Bukavu. Limekaa wiki mbili katika saraka yangu ya mapokezi. Jana aliniuliza kama anaweza kuanza nalo katika shimo moja na lile jeupe. Nilimjibu kwamba mama angefurahi, na kwamba angeanza kumuuliza maswali siku hiyohiyo.

Mama Sidonie, tunakutakia siku nyingi zenye hatua imara na kichwa chepesi. Jumanne tarehe 7 Aprili, saa tatu asubuhi, unaanza na upande wa Rutshuru. Usichelewe, Muzee Habiyaremye amekwisha kuandaa maswali.

Munezero, mapokezi